Laibrari ya picha za marehemu baba imegoma kufunguka kwenye Mac mpya, naombeni msaada

Binti_Sokomatola

Habarini za usiku wakuu, na shikamooni mnaostahili. Nitaandika kirefu mnivumilie, maana hii habari nimeshawaeleza mafundi watatu hapa Mbeya na kila mmoja ananikatisha katikati anasema lete tufomati.

Marehemu baba alikuwa mpiga picha, studio yake ilikuwa hapa Sokomatola, alianza na filamu baadae akaingia dijitali, na mwaka 2012 akanunua iMac iliyotumika (ni ya 2011) kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kazi zake zote akawa anaziweka kwenye iPhoto (programu ya zamani ya picha ya Mac), maharusi, sendofu, vipaimara, picha za pasipoti, mpaka filamu zake za zamani alizokuwa anaziskani mwenyewe usiku tukishalala. Jumla ni kama picha elfu arobaini na moja hivi, GB 180. Baba katutoka mwaka jana, studio nimebaki nayo mimi.

Mwezi wa tatu nikanunua MacBook Air ya chipu ya M1, mtumba pia, nikasema nihamishe kila kitu kabla iMac haijafa kabisa maana imechoka, ukiiwasha saa mbili inakuwa tayari saa mbili na robo. Nikafungua Photos, ile programu iliyochukua nafasi ya iPhoto, kwenye iMac yenyewe (mfumo wake ni High Sierra) ikaniambia inaandaa laibrari, ikafika kama asilimia sitini hivi, umeme ukakata. Mvua za mwezi wa tatu huku mnazijua. Uliporudi nikafungua tena Photos ikaonyesha picha elfu mbili na kitu tu, zingine viboksi vya kijivu. iPhoto nayo nikiifungua inasema haioni laibrari, inataka nitengeneze mpya.

Nikamwita mtoto wa shangazi, yeye akakopi kila kitu kwenye ekstenali ya studio, TB 1, ambayo fomati yake ni exFAT kwa sababu tunaitumia pia kwenye kompyuta ya Windows ya kuprintia. Nikichomeka kwenye Air nikaklik mara mbili kinakuja kidirisha kwamba laibrari haiwezi kufunguliwa, basi, hakisemi kwa nini. Na jina lake silielewi, zamani lilikuwa iPhoto Library tu, saivi mwishoni imeandikwa .migratedphotolibrary, sijui nani kaandika, mtoto wa shangazi anaapa sio yeye.

Kinachonikimbiza ni kwamba ibada ya kumbukumbu ya baba ni Jumamosi ya wiki ijayo na mama anataka picha moja tu, baba akiwa kijana pale Daraja la Mungu kule Rungwe, kavaa sweta jekundu. Filamu yake iliingia unyevu ikaharibika siku nyingi. Picha ipo humo ndani, niliwahi kuiona kwa macho yangu. Kompyuta natumia kila siku ila fundi sio.

Chapchap_Mafiat

Tatizo ni hiyo exFAT, Mac haitaki laibrari ikae kwenye exFAT. Ingia Disk Utility chagua hiyo ekstenali bonyeza Erase weka APFS, fomati ya Mac, dakika moja tu imeisha. Baada ya hapo itafunguka.

Fundi_Ipogolo

DADA USIGUSE HIYO ERASE. Chapchap kaka, itafungua nini wakati umeshafuta kila kitu? Erase ni kufuta, hata ukiiita kubadilisha fomati ni kufuta tu. Kuhusu exFAT uko sahihi, ila dawa yake sio hiyo.

Kamwene dada, pole kwa msiba wa mzee. Niko Iringa, hizi laibrari za iPhoto nimeshahangaika nazo sana kwa sababu wamisheni na watu wa hoteli huku walikuwa nazo nyingi. Nikueleze kwanza ni kitu gani unacho mkononi, halafu ndo tuje kwenye kurekebisha, maana ukishaelewa hutaogopa.

Umeshawahi kuona lumbesa ya viazi barabarani pale Uyole? Ukiwa kwenye basi unaona kitu kimoja, gunia limeshonwa na kamba juu limevimba. Laibrari ya iPhoto ndo hivyo hivyo, kwenye skrini unaona kitu kimoja chenye jina moja lakini ni gunia, ndani kuna viazi na kuna daftari la dalali. Viazi ndo picha zenyewe, JPEG za kawaida kabisa, zimelala kwenye folda inaitwa Masters. Daftari ndo ile folda ya Database, pale pameandikwa kiazi gani cha nani, albamu gani, nyota ngapi, nani kakatwa kichwa nani kaongezwa mwanga. Programu ya Photos ikifungua haianzi na viazi, inaanza na daftari. Daftari likiloana inakwambia gunia halifunguki, na watu wanalia wanadhani viazi vimeoza wakati viazi havijaguswa.

Wewe umeme ulikata wakati inanakili daftari la zamani kwenda daftari jipya. Hilo jina la .migratedphotolibrary mtoto wa shangazi hana kosa, ni Photos yenyewe inabandika kama alama kwenye gunia ambalo inadhani limeshahamishwa. Huenda hilo ndo limeichanganya iPhoto ikasema haioni laibrari. Inayotokea mpya inaishia na .photoslibrary, hiyo ndo yenye elfu mbili zako, ni nusu, tuiache pembeni tusiifute.

Kesho fanya kitu kimoja tu. Kwenye Air chomeka ekstenali, klik ya kulia juu ya hiyo .migratedphotolibrary, chagua Show Package Contents. Inafunguka kama folda. Angalia kama kuna Masters na ndani yake kuna miaka. Usihamishe kitu, usifute kitu, usibadilishe jina la chochote humo ndani, angalia tu halafu rudi hapa. Na iMac izime mpaka tuelewane, kama ni ya 2011 na hadidiski ni ile ile iliyokuja nayo kila saa inayowaka unatumia bahati.

Stationari_Makambako

Samahani naingilia. Kama shida ya haraka ni picha ya mzee, hiyo ekstenali si exFAT? Ichomeke kwenye Windows ya studio. Windows haijui mambo ya gunia, itakuonyesha folda ya kawaida tu, ingia Masters utaona picha.

Fundi_Ipogolo

Aisee Makambako umenipiga bao. Kweli kabisa, anza na hilo dada.

Binti_Sokomatola

Jamani nimetoka studio saivi mikono inatetemeka sijui nilie. Nimechomeka kwenye Windows kama kaka wa Makambako alivyosema, folda imefunguka, Masters ipo, miaka ipo kuanzia 2012 mpaka 2019. Nikaingia 2014, nikaingia mwezi, nikaingia siku, faili la kwanza ._DSC_0417.JPG nikaklik, haifunguki. La pili haifunguki. La tatu. Nimejaribu kama thelathini, zote zina KB 4 tu!! Picha ya harusi KB 4 jamani? Mtoto wa shangazi anasema ni virusi vimekula picha na alishawahi kuona hivyo vidude kwenye flashi ya rafiki yake akavifuta vyote. Nimemwambia asiguse. Ni kweli zimeliwa?

Fundi_Ipogolo

Hahaha pole dada, hapana. Mwambie mdogo wako asante kwa kutokufuta ingawa hata angevifuta picha zisingekufa. Hivyo vinavyoanza na nukta na mstari wa chini ni vikaratasi ambavyo Mac inaviacha ikiandika kwenye diski ambayo sio lugha yake, kila faili linapata kikaratasi chake cha KB 4 cha maelezo. Kwenye Mac hutaviona, Windows ndo inavianika. Panga kwa ukubwa, Size, kubwa zije juu. DSC_0417.JPG isiyo na nukta iko chini yake, iangalie hiyo.

Binti_Sokomatola

Zipo. Zipo zipo zipo. MB 6, MB 7, zinafunguka vizuri kabisa, ya kwanza kufunguka ni bibi harusi wa Mwakaleli kashika gauni juu viatu vimejaa matope mpaka kwenye kifundo, nilikuwepo siku hiyo nilishika taa.

Sasa kuna jambo, picha ya Daraja la Mungu nimeitafuta kwa tarehe siipati. Baba alipigwa ile picha miaka ya themanini, folda zinaanza 2012. Na zile alizoskani naona zingine zina tarehe za ajabu kabisa.

Fundi_Ipogolo

Folda za Masters hazijapangwa kwa siku picha ilipopigwa, zimepangwa kwa siku ilipoingizwa kwenye iPhoto. Kwaiyo usijiulize mzee alienda lini Daraja la Mungu, jiulize aliskani lini ile filamu. Picha za skana hazina tarehe ya kamera ndani yake, zinabeba tarehe ya skana au ya kompyuta siku hiyo. Muulize mama.

Binti_Sokomatola

Nimemuuliza mama akasema bila hata kufikiri, "aliskani baada ya Pasaka, mwaka ule alioteguka mguu akakaa ndani wiki mbili." Mguu aliteguka 2013. Nikafungua 2013, mwezi wa 4, kuna folda tatu, ya katikati ina mafaili mia moja na tisini yameandikwa scan001 scan002 mpaka mwisho. Sweta jekundu ni scan064. Nyuma yake maji ya Kiwira yanapita chini ya jiwe na kuna mtu wa pili pembeni nusu uso, hatumjui ni nani, mama naye hamjui.

Nimeshaiprinti ukubwa wa A3. Kaka wa Makambako na Fundi, ndaga fijo.

Ila sasa naomba tusiishie hapo. Nataka laibrari nzima ifunguke kama ilivyokuwa, na albamu zake. Baba alikuwa na utaratibu wake wa nyota ambao wateja mpaka leo wananiuliza kuhusu, nikipoteza nyota nimepoteza deni la nusu ya Mbeya. Nitaeleza baadae.

Mstaafu_Njombe

Binti yangu pole sana. Mimi niliwahi kufanya kazi hizi kwenye ofisi moja kabla sijastaafu, na nilihama kutoka iPhoto mwaka ule ule Photos ilipotoka, 2015, na mfumo wa Yosemite. Nataka kukuonya jambo moja kabla hujaanza. Ukimaliza kuhamisha utaona laibrari mbili, ya zamani GB 180 na mpya GB 180 na zaidi, utasema diski imejaa nifute moja. Mimi nilifuta ya zamani kwa hasira nikashangaa nafasi haikuongezeka hata kidogo. Kumbe kwenye diski moja zile picha haziandikwi mara mbili, faili ni lile lile moja lina majina mawili, huku na huku. Ukifuta jina moja, jina la pili linabaki na picha inabaki. Kwa hiyo usihangaike kufuta.

Lakini ukikopi laibrari zote mbili kwenda diski nyingine, basi kule zinakuwa mbili kweli kweli na nafasi inaliwa mara mbili. Na hiyo exFAT haiwezi kabisa huo ujanja wa jina la pili, ndiyo sababu moja Photos haiipendi. Nadhani kijana wako ndivyo alivyojaza ile ekstenali.

Huku baridi ya mwezi wa sita imeingia, vidole havitaki kuandika, nitarudi.

Binti_Sokomatola

Shikamoo baba. Asante sana, ekstenali kweli imejaa mpaka pomoni nikawa sielewi.

Fundi_Ipogolo

Mzee wa Njombe kasema kila kitu hapo. Haya dada, hii ndo ramani yangu, isome yote kwanza usianze katikati.

Air yako haiwezi kuendesha iPhoto, usihangaike kuitafuta mtandaoni wala usidanganywe na mtu anayekuuzia. iPhoto ilikufa kuanzia Catalina ya 2019, mfumo wa mwisho unaoikubali ni Mojave, na M1 imezaliwa baada ya hapo. Kwaiyo kazi ya kutibu daftari lazima ifanyike kwenye iMac, High Sierra yake ni sahihi kabisa, usiiapdeti. Hakikisha iPhoto yenyewe ni 9.6.1, ndo toleo la mwisho. Tunaitumia iMac kwa kazi hii moja halafu inapumzika na mzee.

Nunua diski mpya. Sio flashi, diski, TB 1 inatosha, SSD kama mfuko unaruhusu. Hiyo mpya ndo tunaifomati, na ifomati kuwa Mac OS Extended Journaled. Ile exFAT ya mtoto wa shangazi iweke kabatini kabisa funga na ufunguo, hiyo sasa ndo mtoto wa mwisho wa familia haguswi.

Kwenye iMac kopi ile .migratedphotolibrary kwenda diski mpya. Usikopi kwa kuburuta na mausi, Finder ikikuta faili moja bovu inasimama inakutupia kosa namba -36 na safari nzima imeishia hapo, unaanza upya. Tumia Terminal, lile dirisha la kuandika amri, na amri ya kukopia inaitwa rsync, hiyo ikikuta bovu inaliruka inaendelea, mwisho inakutajia yote yaliyoshindikana. Andika rsync -avE, acha nafasi, buruta laibrari uidondoshe kwenye dirisha la Terminal, nafasi tena, buruta diski mpya uidondoshe, bonyeza Return. Majina ya folda yatajiandika yenyewe. Kama mwisho wa jina la laibrari umeona mstari wa kulala pembeni yani / ufute, la sivyo itamwaga viazi vyote nje ya gunia. Acha usiku kucha.

Ikiisha, kwenye ile KOPI (sio ya iMac) klik mara moja, Command na I, sehemu ya jina futa migratedphotolibrary andika photolibrary. Itakuuliza una uhakika, kubali. Sasa shikilia Option na Command kwa pamoja halafu fungua iPhoto, usiachie mpaka kidirisha kije. Hakikisha inayofunguliwa ni ya diski mpya, kama inafungua nyingine shikilia Option peke yake kwanza uchague. Kwenye kidirisha kuna machaguo manne, ruhusa, thamneli (vile vipicha vidogo), kurekebisha database, kuijenga upya. Anza na ruhusa, kisha kurekebisha. Kujenga upya iwe ya mwisho kabisa kama hizo zimeshindwa, maana pale inaandika daftari jipya kwa kuangalia viazi na inaweza kusahau baadhi ya albamu.

iPhoto ikifunguka na mambo yakaonekana sawa, ifunge. Shikilia Option fungua Photos, chagua hiyo hiyo, iache ihamishe. Na safari hii kwa jina la Mungu weka UPS, ile betri ya kushika umeme ukikata, na System Preferences iambie kompyuta isilale.

Swali kabla hujaanza, iMac ina nafasi kiasi gani? Nina wasiwasi sio umeme peke yake. Kuhamisha hakukopi picha lakini kunatengeneza thamneli na daftari jipya, vinahitaji pa kukaa.

Binti_Sokomatola

Ilikuwa imebaki GB 9.

Fundi_Ipogolo

Basi hata umeme usingekata ingekwama mbele ya safari. Ndo maana tunafanyia kwenye diski mpya. Endelea.

Chapchap_Mafiat

Dada samahani kwa ile ya juu, nilijibu nikiwa kwenye bajaji. UPS kama huna ninayo moja ndogo, betri bado nzima, niko hapa hapa mjini nitakuletea.

Binti_Sokomatola

Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita, ibada ilifanyika vizuri namshukuru Mungu, picha ya sweta jekundu ilikaa mbele na watu waliulizana yule mtu wa nusu uso ni nani mpaka chakula kikapoa. Hajajulikana bado.

Sasa ya kompyuta. Kwanza UPS ya Chapchap ilifika na ilifanya kazi, usiku wa pili umeme ulikata dakika nne, iMac haikujua.

rsync ilichukua masaa kumi na moja, nililala studio. Asubuhi mwisho wa ile orodha kuna mafaili 312 yameshindikana kusomeka. Fundi ulisema kweli, hadidiski ya iMac inakufa, ukisogeza sikio unasikia inagonga kama mtu anayepasua njugu ndani ya kopo. Nikakaa chini. Karibu zote ni za 2016, mwezi wa nane, maharusi matatu.

Nikakumbuka kabati. Ile ekstenali ya exFAT ilikopiwa mwezi wa tatu, hadidiski ilikuwa bado na nguvu kidogo. Nikachomeka, nikaingia Masters 2016, nikatafuta la kwanza kwenye orodha, lipo zima. Nikakaa na mtoto wa shangazi mchana kutwa yeye anasoma jina mimi naliweka mahali pake kwenye ile kopi, folda kwa folda, jina lile lile. Mia tatu na nane zimefunguka vizuri. Nne zilikuwa zimeshaumia tangu mwanzo, zinafunguka nusu, bibi harusi anaonekana mpaka kiunoni, chini yake kijivu kitupu. Hizo nne nimekubali. Hebu fikirieni ningeifomati ile ekstenali siku ile ya kwanza, nawaza nachoka.

Baada ya hapo nikabadilisha jina kuwa photolibrary, Option na Command, ruhusa, kisha kurekebisha. Ilikaa dakika arobaini mstari hausogei nikadhani imeganda, sikuigusa, ikasogea. iPhoto ikafunguka, na albamu zote ziko kushoto na majina ya baba, "Harusi Mwakaleli mvua", "Kipaimara Forest", "Yule jamaa wa Tunduma", hilo la mwisho lina picha sita za gari. Kisha Photos, ilihama usiku mmoja. Asubuhi picha 41,286. Nikachomoa nikachomeka kwenye Air, Option nikafungua Photos nikaichagua, ikasema inaiboresha laibrari, robo saa ikafunguka.

Nyota sasa. Baba alikuwa anaweka nyota tano kwa aliyelipa yote, nyota moja kwa aliyelipa kishika mkono akapotea. Kwenye Photos mpya nyota hazipo kabisa! Nimepekua kila mahali. Fundi, zimebaki kwenye daftari lililoloana?

Mstaafu_Njombe

Hazijapotea binti. Photos haina nyota, ikihamisha inazigeuza kuwa maneno. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia 1 Star, utaona. Na yale matukio ya iPhoto yamewekwa kwenye folda moja inaitwa iPhoto Events, angalia upande wa albamu.

Binti_Sokomatola

Baba shikamoo tena!! Zimekuja, nyota moja ni picha 1,140. Kuna mtu kwenye kwaya yetu yumo humo, ya 2015, sitamtaja ila Jumapili nitamsalimia vizuri.

Fundi_Ipogolo

Hongera sana dada, na huyo wa kwaya mwache aimbe kwanza.

Bado kazi moja. Saivi una laibrari nzima kwenye diski moja tu, iMac usiihesabu na exFAT ina picha ila daftari lake ni lile la kuloana. Tafuta diski ya pili, ifomati Mac OS Extended kama ile ya kwanza, kopi laibrari mpya tu, ile ya .photoslibrary, huku Photos ikiwa imefungwa. Halafu ifungue kutoka huko uone kwamba inafunguka kweli, watu wengi wanakopi wanaweka kabatini hawajawahi hata kuifungua. Na isikae studio, ikae nyumba nyingine kabisa.

Binti_Sokomatola

Nimefanya, nimeifungua, iko sawa. Nimempa mama mdogo akapanda nayo Coaster jana kwenda Tukuyu, nimeifunga kwenye kitenge ndani ya ndoo ya unga. Kafika salama. Kanipigia asubuhi hii anauliza kama inatakiwa kuchajiwa kila siku au mara moja kwa wiki.